Tanga hadi Kilwa na kaskazi: mimi na mume wangu kwenye mashua yetu

Tumerudi Tanga wiki iliyopita, chombo kiko pwani kinakauka, na mimi ndo nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu na picha za kwenye simu niiandike hii safari kabla mambo hayajaanza kuchanganyika kichwani. Bei nimeziweka kama tulivyolipa mwaka 2025, baada ya hapo zitakuwa zimepanda bila shaka.

Kwanza chombo. Ni mashua ya kawaida ya huku kwetu, mita tisa na ushee, mlingoti mmoja, tanga moja la pembe tatu. Mume wangu aliinunua Pangani kwa mzee aliyekuwa anabebea nazi, tukaijengea kibanda cha mbao upande wa tezi, yaani nyuma, ndani kuna kitanda, jiko la gesi la kilo 6, sola ya wati 100 ya kuchajia simu na taa, na nyuma kabisa mashine ya nguvu za farasi 15 kwa ajili ya kuingia bandarini au upepo ukikatika. Watoto walipomaliza shule na kwenda zao tukapangisha nyumba tukahamia humo. Watu wanatuambia kuishi kwenye boti ni mambo ya wazungu wenye yoti nyeupe, na hilo linaniuma kweli, maana babu zetu walikuwa wanashuka Kilwa na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kupanda na kusi, ule wa kutoka kusini, mke na watoto na mbuzi humo humo, miaka kabla hawajazaliwa wazazi wetu. Sisi hatujaanzisha kitu, tunaendeleza.

Kaskazi kinavuma Desemba mpaka Machi hivi, kusi kinaingia Aprili na kukaa miezi. Tulitaka kutoka Januari ila tanga jipya lilichelewa kwa mshonaji, ikabidi tutoke katikati ya Februari, kaskazi kinakaribia kuchoka.

Alhamisi 13 Februari, Tanga – Pangani

Tumeng'oa nanga saa kumi na mbili kasoro alfajiri, upepo wa umande unatoka bara taratibu, maji yalishajaa tangu saa kumi na sasa yanatoka, yakatubeba mpaka nje ya kisiwa cha Toten bila kuwasha mashine. Kufika saa nne upepo ukazunguka ukawa kaskazi safi kabisa, tanga likajaa, mume wangu akafunga kamba ya demani inayoshika tanga akakaa kwenye usukani anaimba. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi nilizoandaa usiku.

Mlango wa mto Pangani ndio wa kuogopa. Kuna fungu la mchanga pale mdomoni, linahama, na maji yakiwa yanatoka yanagongana na mawimbi ya nje yanapasuka meupe njia nzima. Tulifika saa nane, tukakaa nje tunazunguka zaidi ya saa moja tukisubiri maji yajae vizuri, mpaka ikatokea ngalawa inarudi kuvua, tukaifuata nyuma nyuma ikikata kushoto ikikata kulia, tukaingia. Yule kijana wa ngalawa hakugeuka hata mara moja ila tulipofika ndani akapunga mkono, kumbe alikuwa anapunguza mwendo makusudi kwa ajili yetu.

Kwa mtakaokuja: shikeni hesabu ya wavuvi, haihitaji intaneti. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini. Ikifika maji mafu, siku za nusu mwezi, kujaa kunakuwa kwenye saa nne au saa tano. Pangani ingieni maji yanajaa, kutoka tokeni yakiwa yamejaa, basi.

Ijumaa 14 Februari, Pangani

Mume wangu alikwenda kuswali Ijumaa, mimi nikabaki na chombo na kufua. Petroli lita 20, madumu manne ya maji ya bomba 500 kila moja, nazi sita, ndizi mkungu mzima 8,000. Asubuhi nilinunua vitumbua kwa mama mmoja karibu na kivuko, tukazungumza, akaniuliza "mnakwenda wapi na hicho chombo mwanangu", nikamwambia Kilwa, akashika kifua. Siku ya pili alfajiri tunataka kuondoka tunaona mtoto anakuja mbio na bakuli limefunikwa kitambaa, vitumbua vya moto, kasema mama kasema ni vya njiani msilipe. Sikumjua jina.

Jumamosi 15 Februari, Pangani – Nungwi

Tukatoka maji yamejaa, bado giza giza. Maziwe tuliiacha kwa mbali. Zamani pale palikuwa na kisiwa chenye mivinje, sahivi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama lote, kwa hiyo msiende na ramani ya kizamani mkatafuta miti.

Katikati ya mkondo bahari ikawa nzito, upepo unatupiga ubavuni, mawimbi yanaingia juu. Nikainua ubao wa chini nifue maji nikakuta ngama, yale maji yanayokusanyika chini ya chombo, imejaa kuliko kawaida. Nikafua, nikapumzika robo saa, nikainua tena, yameshapanda. Mume wangu akanipa usukani akalala kifudifudi na tochi akitafuta, akaona: mshono wa mbao ya pili kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, upande wa kushoto, pamba imetoka na maji yanaingia kama uzi. Tukashindilia kitambaa na sabuni ya kipande, ikapungua haikwisha. Toka hapo mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, tulipokezana, mmoja usukani mwingine kopo. Mkono wangu wa kulia haukufunga vizuri siku mbili.

Jumapili 16 na Jumatatu 17, Nungwi

Hapa nataka nikae kidogo. Nungwi watu wanajua mahoteli ila pale ufukweni pa kijiji bado wanaunda majahazi na mashua kwa mkono, chombo kimesimama mchangani mataruma, yaani mbavu zake, yako wazi, watu wanapiga misumari, na ukifika na shida wanakuzunguka hata hujasema.

Asubuhi maji yamejaa tukasogeza mashua mpaka juu, tukaegemeza magogo pande mbili, maji yakatoka ikapwelewa vizuri. Fundi mwenyewe mzee wa makamo, shikamoo, marahaba, hata chai hakunywa akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye mshono wote kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, pole pole, akasimama sehemu tatu na kuchora alama kwa mkaa, wakati sisi tulikuwa tunajua sehemu moja tu. Akachokonoa pamba ya zamani, imeoza inatoka vipande vyeusi. Alafu akachukua pamba mpya akaisokota juu ya paja lake ikawa kamba nyembamba, akaichovya kwenye sifa, ile harufu ya mafuta ya papa ikajaa puani, akaanza kuishindilia kwa patasi butu na nyundo. Mwanzo nyundo inatoa sauti nzito, pamba ikishajaa sauti inakuwa kali, na yeye anasikiliza sauti tu, haangalii. Nilimuuliza anajuaje imetosha, akanipa nyundo nipige mwenyewe nisikie. Nikasikia.

Alimaliza sehemu zote tatu kabla maji hayajarudi. Kazi 60,000, pamba na sifa 25,000. Wanaume sita walishuka jioni kutusaidia kusukuma chombo kikielea, tukawapa 10,000 ya soda, mmoja akarudisha akasema mimi nilikuwa napita tu. Jumatatu tulibaki kuangalia kama ngama inakauka. Ikakauka.

Kama chombo chako ni cha mbao, kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, ifanyie Nungwi hata kama haivuji. Barafu na samaki vipo alfajiri mnadani, ila vitu vya dukani bei ni ya watalii, nunua Pangani kabla hujavuka.

Jumanne 18 – Ijumaa 21 Februari, Mji Mkongwe, kisha Dar

Tulipita ndani, kati ya Tumbatu na Unguja, maji ya kijani unaona mpaka chini. Mji Mkongwe tulitia nanga nje ya Malindi. Ofisi moja ilituzungusha siku nzima kwa karatasi moja ya chombo, leo njoo baadaye, baadaye njoo kesho, kwa hiyo Jumatano imepotea yote. Fanya nakala za kila kitu kabla ya safari: usajili, leseni, cheti cha ukaguzi, vitambulisho, na majaketi ya kuokolea yawe yanaonekana. Jioni urojo na mishkaki Forodhani, watu wawili 14,000 tukashiba.

Ijumaa tukavuka kwenda Dar, upepo mzuri, hakuna cha kusimulia. Tulilala Msasani.

Jumamosi 22 Februari, Dar – Kwale

Siku ndefu kuliko zote mpaka hapo. Kutoka Dar kwenda kusini mkondo wa bahari unapanda kaskazini muda wote, hata kaskazi kikivuma, ukikaa nje kwenye maji makuu unaona tanga limejaa lakini nchi kavu haisogei. Mume wangu akakata shauri tukae ndani karibu na pwani, mwendo ukawa bora, ila ndani kuna mafungu.

Tulifika kisiwa cha Kwale jua linazama na ilikuwa siku za maji mafu kwa hiyo maji yalikupwa muda huo huo wa jioni, mafungu yote yametokeza na hatuoni njia iko wapi. Tukashusha tanga. Akatokea mvulana wa kama miaka kumi na mbili peke yake kwenye mtumbwi, amesimama, anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu. Akauliza mnatoka wapi, tukasema Tanga. Hakusema kitu, akatangulia. Kila hatua kadhaa anachomeka pondo chini, anaangalia maji yamefika wapi kwenye mti, anageuza. Sisi nyuma yake na mashine taratibu kabisa. Giza likaingia, akawa anapiga pondo kwenye ubavu wa mtumbwi tusikie aliko. Nusu saa nzima hivyo. Alipotufikisha penye kina akasema "hapa mama, nanga," nikataka kumpa hela akakataa, nikampa mkungu wa ndizi uliobaki, huo akachukua kwa mikono miwili.

Jumapili tulipumzika. Wazee wa pale walikuja kutuangalia, mmoja alimwambia mume wangu kaskazi cha mwaka huu kitaisha mapema, nendeni.

Jumatatu 24 – Jumatano 26 Februari, Mafia

Kuvuka mpaka Kilindoni kulikuwa kutamu, upepo wa nyuma, bahari laini. Karibu na mji nikaona kitu kikubwa cheusi chini ya maji nikadhani ni mwamba nikapiga kelele, mume wangu akageuza, kumbe potwe, papa mkubwa. Alipita ubavuni kwetu, madoadoa meupe mgongoni yamepangana, mdomo wazi anakunywa maji, mkia wake tu ni mrefu kuliko mimi. Hakuna aliyemgusa. Msimu wake ni Oktoba mpaka Machi, na ukimuona zima mashine, usimfukuze, usimzingire.

Kilindoni tuliacha chombo chini ya macho ya walinzi wa dagaa, 5,000 kwa usiku, tukachukua bodaboda mpaka Utende, lami nzuri, 7,000 kila mmoja, alafu mashua ya kuvuka kwenda kisiwa cha Chole. Chole kuna magofu yameshikwa na mizizi ya miti mpaka ukuta hauonekani, na popo wakubwa wamening'inia mitini mchana. Watu bado wanazungumzia kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilitua huku. Kila tuliyezungumza naye alituambia jambo moja: Mei msiwe baharini, angalieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku. Hilo tulilishika.

Chakula cha Mafia: pweza wa nazi na wali, sahani 5,000, sijala pweza laini vile.

Alhamisi 27 na Ijumaa 28 Februari, Songo Songo

Tulitoka usiku wa manane ili tufike mchana. Ilikuwa giza, mwezi haupo kabisa, na ndio wakati wa dagaa, kwa hiyo mkondo wote wa Mafia umejaa taa, kila upande, kama mji. Ni pazuri sana ila ni hatari, maana kati ya taa na taa kuna nyavu zisizo na alama. Mimi nilikaa omoni na tochi kubwa, kila tukikaribia namulika tanga letu watuone, na wao wanapiga kelele "pita juu, pita juu!" au "chini!" kutuonyesha wavu ulipo. Hakuna aliyetutukana hata mara moja usiku ule. Kama huna tochi yenye nguvu, usipite hapo siku za giza.

Songo Songo ndiko inakotoka gesi inayokwenda Dar tangu 2004, usiku unaona taa za kiwanda. Mchana ni kijiji cha wavuvi. Nilikuwa sijaoga maji baridi ya kutosha tangu Mafia, nikamuuliza bibi mmoja kama naweza kununua ndoo ya maji, akanishika mkono akanipeleka uani kwake, akanitekea mwenyewe, akanipa kanga yake safi nijifunge, akafua nguo zangu wakati naoga! Nilimkatalia akanigombeza, "wewe mgeni wangu, nyamaza." Tulikaa mkekani mpaka Alasiri. Nilimwachia nusu ya mchele wetu, alipokea kwa sababu nilisema ni wa Ramadhani.

Jumamosi 1 Machi, Kilwa

Kaskazi kilikuwa dhaifu, saa nyingine kinakatika kabisa tunawasha mashine. Kwenye saa tisa alasiri tukaona Kilwa Kisiwani, maji yanajaa yanatuingiza ndani. Ngome, ile Gereza, imesimama pale pale pwani. Mume wangu hakuongea mpaka nanga ikashika. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, na upepo uliomleta ni huu huu, na mimi nimeletwa nao kwenye chombo changu mwenyewe, mtu asiniambie hii ni ya wengine.

Jioni tulitia nanga upande wa Kilwa Masoko, mji ulioko bara. Watu wamejaa ufukweni wanatafuta mwezi, wengine walishaanza kufunga asubuhi ile. Mtoto akauona wa kwanza, akanyoosha kidole, kelele zikapanda. Kabla hatujashuka ameshakuja jirani wa mashua ya pembeni, amemwita mume wangu "kaka, daku mtakula kwetu."

Ramadhani yote tulifunga Kilwa. Jahazi lolote likitia nanga karibu yetu lilikuwa linaletewa futari na sisi tukaanza kupeleka pia, uji wa pilipili manga na tambi. Kisiwani tulikwenda mara kadhaa, kibali unachukua Masoko kwanza kabla ya kuvuka, usiende moja kwa moja. Msikiti Mkuu chukua muda, kaa chini ya vikuba, kuna ubaridi hata saa saba mchana. Mvua za masika zikaja, turubai likavuja, tukanunua lingine 85,000, Aprili na Mei tukakaa pale pale kama tulivyoshauriwa, mume wangu akifanya vibarua vya kukarabati mashua za watu na mimi nikiuza maandazi.

Kurudi, Juni

Kusi kikishika hakina mchezo. Mkondo unakusukuma, upepo unakusukuma, tulikotumia wiki kushuka tulipanda kwa siku chache, tumelowa muda wote na tanga tumelipunguza nusu. Nungwi tulisimama kumsalimia fundi, akapitisha kidole kwenye mshono wake akaridhika.

Hela: petroli haikufika 300,000 kwenda na kurudi, kwa sababu tulikuwa na subira ya kusubiri upepo. Kilichokula zaidi ni tanga jipya, 420,000. Chakula ni kama tu ungekuwa nyumbani, samaki ndo rahisi zaidi. Weka akiba ya dharura, sisi tulitenga 500,000 kwenye simu hatukuigusa. Mtandao unapatikana karibu na vijiji vyote nilivyotaja, katikati hakuna, kwa hiyo waage watu wako kabla hujaondoka na waambie utafika lini.

Jumatatu tunaanza kupaka deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa ya kulinda mbao za chini. Kaskazi ijayo tunataka kuvuka Kilwa twende mpaka Mikindani, inshallah. Anayeijua njia ya ndani kutoka Kilwa kwenda Lindi naomba aniambie wapi pa kulala panapokinga upepo, hasa kwa chombo kisichohitaji kina kirefu.